Sehemu ya Tatu ya Naghma ya Babu

Mei 9

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: naijua naghma ya Babu yote, sehemu zake zote nne, na nimechoka nayo.

Sikuitafuta. Kule Kabul nililala chumba kimoja na mlio wake, na hapa Peshawar hali ni mbaya zaidi kwa sababu nyumba nzima ni vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia, na jiko pembeni. Kila alfajiri Baba anakaa upande ule na rubabu yake, amechomeka taulo chini ya nyuzi ili Haji mwenye nyumba, anayeishi chini yetu, asigonge dari kwa mpini wa ufagio. Mimi niko upande huu, natafuta usingizi. Baba akitoka kwenda mjini kungoja wateja, Bibi anaanza kukanda unga, na anaivumisha naghma ileile puani mpaka mkate unaiva. Wasichana hatufundishwi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kama naijua. Anayeishi jirani na mashine ya kusaga haulizwi kama anajua inavyolia.

Naghma yenyewe haina maneno. Aliitunga Babu, na hakuna ukoo mwingine unaoipiga. Zamani aliyetaka kuisikia kwenye harusi yake ilimbidi amwite Babu, na baadaye Baba. Siku hizi watu wanaita wenye vinanda vya umeme.

Na leo watu wa mwenye kinanda cha umeme wametuma ujumbe wa kumposa dada yangu Nilab. Kijana anaitwa Siawash, naye ni wa kwetu Kabul. Baba alisema hawezi kumpa binti yake mtu anayechomeka muziki ukutani.

"Na huo wako usiochomekwa," Bibi akamjibu, "umetuletea nini tangu tuvuke mpaka?"

Bibi ndiye aliyemzaa Baba, kwa hiyo ana ruhusa. Mimi nilijifanya nasoma.

Mei 10

Umeme ulikatika kutwa. Nimesoma kemia huku jasho likinitoka mpaka karatasi zikaninata mkononi.

Mei 14

Wamekuja. Siawash mwenyewe hakusema neno zaidi ya salamu. Aliyesema ni babu yake, mzee Wali Nabi, aliyempigia Babu ngoma ya tabla kwa ujana wake wote. Macho yake sasa yana ukungu, na alikuwa anageuza sikio badala ya uso.

Alikunywa chai, akasifu iliki, akauliza habari za watu waliokwisha kufa, kisha akasema, "Ndugu yangu, hatutaki magodoro wala jokofu. Jokofu tunalo. Binti aje na ile naghma ya marehemu."

Sisi watu wa muziki tuna desturi hiyo. Binti anaweza kuondoka kwao na naghma kama wengine wanavyoondoka na zulia. Ikishatoka imetoka. Inakuwa mali ya nyumba alikoolewa, na nyumba aliyotoka haiipigi tena, hata kwa kujifurahisha.

Baba aliweka kikombe chini, akasema atafikiri, akapanda darini kwenye jua ambalo hata paka walilikimbia. Nilab aliviosha vikombe kwa hasira hadi kimoja kikavunjika mkono. Baadaye nilimuuliza kama anamtaka huyo mtu.

"Bi Kitabu," akaniambia, "nimemwona mara mbili. Hajigambi, na meno yake yote yapo. Wewe ulitaka nini zaidi?"

Mei 16

Baba amekubali, kwa sababu hatuna kitu kingine cha kutoa. Amekubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino, na tangu asubuhi anatutazama sote kana kwamba sisi ndio tumeshika koleo.

Bibi akazidisha. Alimkumbusha kwamba yeye pia alikuja kwa Babu na naghma, ile Baba anayofungulia harusi zote.

"Ile ni yetu," Baba akasema.

"Ni yenu kwa sababu niliileta mimi."

Baba akaanza kuvaa viatu. Alikuwa ameipiga maisha yake yote kama vile imeota uani.

Mei 21

Bamia tena. Baba hasemi na mtu.

Mei 27

Ijumaa. Siawash alikuja na rubabu ya kuazima kuanza kufundishwa, akileta sukari guru, dengu na uzi mwekundu kama inavyompasa mwanafunzi anayekwenda kwa fundi. Baba alimtilia kipande cha sukari na dengu chache mdomoni, akamfunga uzi mkononi, yote haya kwa uso wa mtu anayepiga muhuri.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natwanga iliki. Nilisikia kila kitu.

"Wewe umezoea kubonyeza kitufe ngoma zije zenyewe," Baba alimwambia. "Hapa hakuna kitufe, bwana kinanda."

"Ndiyo, baba."

"Hapa ngoma ni mkono wako."

"Ndiyo, baba."

Ndiyo baba, ndiyo baba, asubuhi nzima. Sijui Nilab ataishi vipi na mtu huyu. Ataongea na jokofu.

Lakini sehemu ya kwanza aliishika kabla ya adhuhuri, na jambo hilo lilimuudhi Baba kuliko kama angeshindwa.

Juni 3

Sehemu ya pili. Ndiyo baba. Alituletea bonge la barafu kwenye pikipiki, limefungwa gunia, akanisalimia kwa kuniita shemeji, akaitazama ndoo mpaka nilipoondoka. Nilab anasema ni haya. Mimi nina haya na siitazami ndoo.

Juni 9

Mitihani. Jiografia ilikuwa rahisi. Shuleni mwalimu aliuliza nani anaweza kuimba kitu cha nyumbani siku ya kufunga muhula. Wasichana wote waligeuka kunitazama mimi, binti wa fundi. Nilisema najua kusoma tu.

Juni 17

Leo Baba amefanya jambo, na sijui niliweke wapi.

Siawash alikuja kwa sehemu ya tatu. Hii ndiyo sehemu ambayo Babu aliishusha kwenye uzi mnene, polepole, hatua kwa hatua, mpaka unadhani naghma imezama, ndipo ya nne inapoiokota na kukimbia nayo. Hata mimi niliyechoka huwa naacha kugeuka kitandani inapofika hapo.

Baba alimpigia ya nne. Kutoka ya pili akaruka moja kwa moja hadi ya nne. Nyuma ya pazia nilisimamisha mchi. Nikadhani anamwonyesha mwisho kwanza, walimu wana mbinu zao, atarudi. Hakurudi. Siawash alipoishika ya nne, Baba akafuta nyuzi kwa kitambaa akasema, "Basi. Ndiyo hiyo. Umeipata yote."

Kijana aligusa uzi mnene mara moja, ukalia. Kisha akasema, "Ndiyo, baba."

Jikoni Bibi alikuwa ameacha kukanda. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga, haisogei.

Juni 18

Nilimuuliza Bibi tulipokuwa tunachambua mchele. Sikujua nianzeje, nikasema tu kwamba Siawash hajafundishwa sehemu ya tatu.

Alinitazama kwanza mimi. "Umejuaje kuna sehemu ya tatu?"

Nikainama kwenye sinia. Hakuniuliza tena. Alisema mafundi wote hufanya hivyo. Babu mwenyewe alipofundisha wageni alibakiza kipande nyumbani, ili akiwasikia kwenye harusi ya watu ajue wanapopita na mkokoteni wenye magurudumu matatu.

"Lakini Siawash si mgeni," nikasema. "Anakuwa mkwe."

"Ndiyo."

"Na mzee Wali Nabi alimpigia Babu tabla. Anajua ziko nne."

"Baba yako anatumaini amesahau. Macho yamekwenda, anadhani na kichwa kimekwenda nayo."

Nikamuuliza mzee akikumbuka itakuwaje. Bibi aliokota mawe mawili kwenye mchele kabla ya kunijibu, na alinijibu kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya vitunguu. Baba yake mwenyewe alimfanyia yeye vilevile. Alimwozesha kwa naghma ya sehemu tatu, akamtoa na mbili. Siku ya harusi watu wakahesabu. Tangu siku hiyo mama mkwe wake hakumwita jina. Alimwita Nusu. Nusu, leta maji. Nusu, mtoto analia. Mpaka yule mama alipozikwa, na mara ya mwisho aliposikika akimwita, alimwita hivyo.

"Na Baba anajua?"

"Bibi yake alipokufa, yeye alikuwa bado ananyonya. Ajue nini?"

"Basi mwambie, Bibi."

"Mwambie wewe mwenye masomo," akasema, akapepeta mchele.

Hivyo ndivyo watu wa nyumba hii walivyo. Watakueleza kidonda chote, urefu wake na usaha wake, kisha wakurudishie sinia.

Juni 25

Nilijaribu. Nilimpelekea Baba chai, nikasimama pale mpaka akaniuliza kama nimeota mizizi. Nikamuuliza kama naghma ya Babu ni ndefu. Akasema nina likizo, nisome vitabu vyangu. Nikaondoka na kikombe kikiwa bado kimejaa. Yaani nilimpelekea mtu chai nikarudi nayo.

Juni 27

Haji mwenye nyumba amepanda kulalamika kuhusu kelele za rubabu. Kisha akauliza kama Baba atampigia kwenye tohara ya mjukuu wake, kwa bei ya jirani.

Julai 1

Mvua zimeanza. Kwa mwenye rubabu mvua ni adui: ngozi inalegea, nyuzi zinashuka, na Baba anakaza na kulaani, anakaza na kulaani. Nilab anashona foronya na kuimba. Amekuwa na furaha kwa siku nyingi mfululizo na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu najua na yeye hajui.

Siawash alileta barafu. Nilimkuta kwenye ngazi, gunia linamchuruzikia viatuni.

"Shemeji," akasema, akiitazama ngazi, "nina swali. Ukiona halifai, usijibu. Hiyo sehemu ya tatu, ni ngumu sana?"

Nikajifanya sijaelewa. "Ya tatu ipi?"

"Ile niliyorukishwa."

Kumbe mzee Wali Nabi hajasahau chochote. Kila akila huipiga tabla yake kwenye goti, zote nne, na kwenye ya tatu hupunguza vidole mpaka kimoja. Siawash amekua akiliona goti lile.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie Baba.

"Nimwambie nini? Kwamba baba mkwe wangu ananidhulumu?" Alihamisha gunia begani. "Siku ya harusi nitakapoipiga, nikifika pale nitakosea. Nitakata uzi, nitasema nimesahau. Watu watasema mpiga kinanda, angejuaje rubabu. Si wanasema hivyo hata sasa? Lakini hakuna atakayesema Nilab amekuja pungufu."

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia barafu inayeyuka.

Mtu huyu nimemsema vibaya humu tangu mwezi wa tano. Nimeketi hapa nikitafuta pa kufuta, na nimeona ni kurasa nyingi mno, ziache.

Kwa hiyo: Baba anajua. Bibi anajua. Siawash anajua, na babu yake anajua kwa goti. Wote wamefunga midomo kwa heshima, kila mmoja akimstahi mwenzake, na asiyejua ni bibi arusi mwenyewe, ambaye ndiye atakayebeba hilo jina. Kama heshima ni hii, sijui ufidhuli ungetufanya nini zaidi.

Julai 5

Mvua ilianza mchana na dari ikaanza kuvuja mahali papya, juu kabisa ya pale Baba anapokaa. Nilab na Bibi walikuwa jikoni. Mimi na Baba tulisogeza magodoro, tukatega mabakuli, yeye akaifunga rubabu kwenye blanketi akaipakata kama mtoto mwenye homa. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kukaa na kuyasikiliza mabakuli.

Nimefikiri tangu jioni kwa nini nilifanya nilichofanya. Nadhani ni kwa sababu hapakuwa na maneno ninayoweza kumwambia Baba bila kutetemeka, na naghma haina maneno. Nikaivumisha. Nilifumba mdomo, nikatazama bakuli, nikaanza sehemu ya tatu palepale inapoanza, nikaishusha kwenye uzi mnene, hatua kwa hatua, mpaka chini.

Nilipomaliza Baba alikuwa amenikazia macho.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Mahliqa. Nani amekufundisha?"

"Wewe," nikasema. "Kila alfajiri. Lile ni pazia, Baba. Si ukuta."

Nilingoja anikaripie. Akatazama mikono yake. Kisha, kama mtu ambaye ulimi umemtoroka, akasema, "Pale pa kushuka unakimbia. Rudia."

Nikarudia.

"Bado. Ngoja kidogo kabla hujashuka. Kama unayetafuta kidato gizani kwa unyayo."

Nikangoja, nikashuka. Aliitikia kwa kichwa, halafu akakumbuka kwamba alitakiwa kukasirika, na uso wake ukawa na vitu viwili kwa pamoja.

Ndipo akasema, wala si kwangu hasa. Alisema mpakani walipekua kila kitu. Walichana godoro. Waliitikisa rubabu wasikie kama ina kitu tumboni. Pete ya Mama waliipindua kwenye mwanga. "Hii hawakuiona," akasema. "Ndicho kitu pekee nilichovuka nacho ambacho hakikushikwa na mkono wa mtu. Kaburi la mama yako nimeliacha, nyumba nimeiacha. Na hii nayo niitoe yote? Nibaki na nini?"

Nilikuwa nimemkasirikia kwa zaidi ya wiki mbili, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anaogopa.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza, na nilijua sitapata ujasiri mara mbili katika mwaka mmoja. Nikamwambia kuhusu Nusu. Nilimwambia yote, maji, mtoto anayelia, na yule mama aliyemwita hivyo hadi mwisho. Nilisema kwa haraka, nikilitazama bakuli, ambalo lilikuwa limejaa na linamwagikia mkekani na hakuna aliyelishughulikia.

"Nani alimwita hivyo?" akauliza polepole.

"Bibi yako."

"Kwa sababu ya ile naghma ninayofungulia harusi?"

"Ndiyo. Ilikuja pungufu."

Aliinuka, ameikumbatia ile rubabu kwenye blanketi, akaenda hadi mlango wa jikoni. Bibi alikuwa amempa mgongo, anamenya viazi. Baba alisimama pale akimtazama mama yake kisogoni. Bibi naye, bila kugeuka, akasema kama amekuja kuulizia chakula, bado hakijaiva.

Julai 6

Nimekausha mkeka. Hakuna aliyenisemesha kuhusu jana. Familia hii.

Julai 8

Baba alimwita Siawash. Alimwambia, "Kaa. Kuna kipande tulikiruka, nilitaka uzoee kwanza." Ni uongo mkubwa, na Siawash akaupokea kwa mikono miwili: "Ndiyo, baba."

Halafu Baba akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu tuingie nyumba hii. Alilitoa taulo chini ya nyuzi, akalitupia dirishani.

Asubuhi nzima walishuka na kupanda kile kidato. Haji aligonga dari. Baba akaendelea. Haji akagonga tena, akachoka. Mara moja Siawash alikimbia mahali nilipokimbia mimi, na Baba akamwambia maneno yaleyale, ya unyayo na giza. Nilihisi kitu kama wivu, jambo la kipuuzi kabisa kwa mtu aliyechoka na naghma.

Julai 10

Idi. Nyama, na viatu vipya vinaniuma.

Julai 22

Nilab ameolewa jana. Nina usingizi na hina imenikauka mpaka kwenye kiwiko, lakini nataka kuandika ile naghma tu.

Walikaa wanaume upande mmoja wa ukumbi na sisi upande mwingine, pazia katikati. Kabla bibi arusi hajatolewa, Siawash alikaa na rubabu, mzee Wali Nabi na tabla yake, na Baba akakaa mbele yao mikono mitupu. Nilichungulia kwenye mshono. Kila sehemu ilipokwisha mzee alikunja kidole kimoja, halafu akarudi kwenye tabla. Baba alikuwa anavitazama vidole vile.

Ilipofika ya tatu, mzee alipunguza vidole mpaka kimoja, kisha akainua mikono yote miwili juu ya ngozi, akaacha rubabu ishuke peke yake. Sikujua hilo. Kwa miaka yote nimeisikia bila tabla, sikujua kwamba pale palikuwa na mtu aliyekuwa akinyamaza kwa makusudi. Siawash alingoja kidogo juu ya kidato, akashuka. Wazee wawili watatu wa Kabul walishika nyuso zao.

Nilimnong'oneza Nilab chini ya shela yake, "Zote nne."

"Najua kuhesabu, Bi Kitabu," akasema, na alikuwa analia. "Tangu mwezi wa sita nahesabu."

Kumbe naye. Huyu anayeimba na foronya. Nyumba hii itaniua.

Mwishoni Baba alitoa mfukoni kile kipande cha pembe anachopigia nyuzi, kilichokuwa cha Babu, akakiweka kwenye kiganja cha Siawash. Mzee Wali Nabi akasema kwa sauti ili upande wetu usikie, "Binti amekuja kamili." Nilitazama alipo Bibi. Alikuwa ananyoosha mtandio wake, ananyoosha, ingawa ulikuwa umenyooka.

Julai 25

Mvua. Bibi anakanda unga kimya.

Julai 28

Leo nilijikuta kwenye ngazi nikiivumisha. Nilifika noti ya pili nikakumbuka si yetu, nikafunga mdomo na nusu ya pumzi ndani. Nilisema nimechoka nayo. Iko hapo juu, kwa wino. Wakati ule hakuna aliyenizuia, ningeweza kuivumisha kutwa, na sasa inakuja yenyewe kila ninapobeba maji. Najiudhi kuliko ninavyoudhiwa na wengine wote.

Alfajiri Baba anapiga naghma ya Bibi, ile ya harusi, kwa kipande kipya cha pembe ambacho bado hakijamzoea. Niliisikiliza vizuri kwa mara ya kwanza. Ina sehemu mbili, na baina yao pana mruko, kama ngazi iliyong'oka kidato. Nimeisikia maisha yangu yote na nilidhani ndivyo ilivyo.

Julai 31

Kesho watu wa muziki wote wanafunika vyombo vyao, mwezi wa Muharram unaingia, hakuna harusi. Wazo lilinijia nikiwa naosha vyombo, nikaacha maji yakimwagika. Mimi niliijua sehemu ya tatu kwa sababu niliishi nyuma ya pazia. Bibi naye alikuwa msichana katika nyumba ya fundi. Na yeye alikuwa na pazia lake.

Nilimuuliza. Nilimuuliza waziwazi, bila sinia ya mchele: kile kipande ambacho baba yake alikificha, anakijua?

Alicheka, mcheko mfupi. "Nilikijua kabla sijavunja ungo."

"Na hukuwahi kuwapa?"

"Waliniita Nusu," akasema. "Nikaona basi, wabaki na nusu yao."

Upande wa pili wa pazia mlio wa rubabu ulikatika.

Nilikwenda dukani kwa miguu, kwenye matope, nikanunua sukari guru, dengu na uzi mwekundu. Nilirudi, nikanawa, nikakaa mbele ya Bibi nilivyomwona Siawash akikaa, nikaviweka mbele yake. Aliuliza kama nimerukwa na akili, fundi ni baba yangu, yeye hajawahi kushika hata uzi. Nikanyoosha mkono. Alininung'unikia, akautafuta ule uzi kwa macho yake mabovu, akaufunga, akaukaza mno. Akanitilia kipande cha sukari mdomoni na dengu tatu.

Kisha nikainuka, nikalivuta pazia mpaka mwisho wa waya, nikarudi kukaa. Baba alikuwa pale na rubabu yake magotini, hana taulo. Bibi alifumba mdomo akaanza.